Unga Juu ya Udongo wa Stafford

Salma aliponipigia simu nilikuwa nimeegesha lori kwenye ua wa ghala moja Fort Worth, nasubiri foleni ya kupakuliwa. "Aunty Hamisa, Bibi ametutoka," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni, kisha akahamia Kiingereza kunieleza habari za mazishi. Nilimuuliza kama marehemu aliumia. Akasema hapana, alikunywa chai akalala. Nilipokwisha kupakuliwa nikarudisha lori, nikachukua gari langu nyumbani DeSoto, nikashuka kuelekea Houston kwa barabara ile ile ambayo nimeipita mara nyingi nikiwa na mizigo ya watu. Stafford ni mji mdogo kandokando ya Houston, mtu anaweza kuupita asijue kwamba ameupita. Mimi niliishi pale mwaka mmoja tu, 2006, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Tangu hapo nimehama sana, kiasi kwamba nikiulizwa anwani ya zamani hunibidi nifikiri. Irving, Garland, Arlington, DeSoto mara mbili. Vyumba hivyo vyote vimechanganyika kichwani mwangu, zulia la huku na dirisha la kule. Lakini ile flati ya Stafford naweza kuitembea nikiwa nimefumba macho.

Ilikuwa flati ya chini, vyumba vitatu, na mlango wa nyuma uliofungukia kiwanja kidogo cha udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi ulipasuka nyufa za kuingia kidole. Mwenye flati alikuwa Dada Zainabu, aliyefanya kazi hospitalini. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa ameletwa kutoka Lindi ili amtunze Salma, binti wa Zainabu, mtoto wa miaka sita wakati huo, aliyeulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, na bibi yake akamjibu tena kwa Kiswahili, wakaelewana. Mimi nilipanga kile chumba kidogo, nikalala kati ya cherehani na magunia ya mchele. Asubuhi niliamshwa na harufu ya nazi ikichemka na kikohozi cha Bi Somoe, kikohozi cha ugoro, maana alikuwa na kopo lake dogo la bati ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Ukuta kati ya chumba changu na jiko ulikuwa mwembamba. Mengi ninayoyajua kuhusu Bi Somoe niliyasikia kupitia ukuta ule, nikiwa nimelala chali, kabla sijazungumza naye hata nusu ya hayo.

Kwa mfano, nilisikia kwamba kwao Bi Somoe alikuwa kungwi, mwenye kuwafunda wasichana katika unyago. Alikuwa na mchoro wake, aliopokea kwa kungwi wake, unaochorwa ardhini kwa unga, mwali akiwa ameketi kando yake, na ukiisha kusomwa unafutwa. Ulikuwa wa vikao vitatu. Waliokaa naye chini wakaujua wote walikuwa wamekwisha kufa, mmoja baada ya mwingine. "Basi nifundishe mimi yaishe, Mama," nilimsikia Zainabu akisema siku moja huku akiosha vyombo. "Nitakaa hapo kwenye sofa, unichoree." Bi Somoe akacheka kwa pua. "Mama hamfundi mwanawe. Na sofa haijawahi kufunda mtu." "Kwa hiyo mtafute mwingine." "Kungwi hatafuti. Mtoto huletwa. Huletwa na mkubwa wake, shangazi yake, bibi yake, anakuja na nguo anaiweka mapajani pa kungwi. Nani ataniletea mtoto hapa? Yule wa posta anayeleta barua?" "Basi utakufa nao." "Nitakufa nao," Bi Somoe akasema, kama mtu aliyeambiwa kwamba chai imepoa.

Niliyasikia hayo nikageukia upande wa pili. Sikuchezwa unyago. Wenzangu walipoingia ndani, mimi nilikuwa bwenini nikijiandaa na mitihani ya kidato cha nne, na niliporudi likizo waliniangalia kama mtu aliyechelewa chakula. Nikajiambia kwamba sikukosa kitu. Nilikuwa nimewahi kuona mara moja tu, nyuma ya nyumba fulani, mabaki ya unga uliovurugwa kwa nyayo, na mtu mzima akanivuta sikio nikaondoka.

Kazi yangu mwaka ule ilikuwa katika jumba moja dogo la maonyesho ya picha mjini Houston. Asubuhi nilifuta vioo na sakafu, mchana nilikaa kwenye kiti kirefu kuangalia watu wasiguse. Kabla ya kiangazi kukolea zikaletwa picha kutoka jangwa la Australia, kazi za kina mama wenyeji wa huko. Siku za kwanza niliziona kama nguo nzuri zilizotundikwa: nukta maelfu, nyeupe na manjano juu ya wekundu wa kutu, duara ndani ya duara, mistari ikitoka duara hili kwenda lile, na pembeni alama zilizojikunja kama kwato za punda. Kukaa ni kazi inayochosha kuliko kufagia, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama nilizitazama. Siku moja nikainuka kitini. Nilikuwa nimeona kwamba mchoraji hakusimama mbele ya kitu akakichora. Alikuwa juu yake, ameinama, na kile kilikuwa ardhi.

Jioni nikamweleza Bi Somoe alipokuwa akichambua mchicha. Aliacha kuchambua. "Zimelazwa chini?"

"Hapana, Bi. Zimetundikwa ukutani."

"Basi wamezisimamisha. Hivyo ni vitu vya kulala." Akarudi kwenye mchicha wake, lakini aliendelea kuniuliza mpaka wali ukaiva: alama hizo ziko ngapi pamoja, zinaelekea duara au zinaligeuzia mgongo, na nani anaruhusiwa kuzisoma. La mwisho sikuweza kulijibu.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata na mchoraji mwenyewe, mmoja wa wale kina mama, pamoja na mpwa wake Lorna aliyemtafsiria Kiingereza. Jina la yule mama silitaji. Miaka michache baadaye Lorna alinipigia simu kuniambia kwamba shangazi yake hayupo tena, na kwao jina la aliyekufa hunyamaziwa, kwa hiyo nami nalinyamazia. Humu nitamwita Mama wa Jangwani. Alikuwa mfupi, mweusi kuliko mimi, na kichwani alijifunga kitambaa cha sufu chenye maua mekundu ingawa nje kulikuwa na joto la kuyeyusha lami. Wageni walimzunguka na glasi zao. Bwana mmoja aliyevaa tai akauliza kwa adabu ile picha kubwa ina maana gani. Mama wa Jangwani akaitazama picha yake kitambo, akasema neno moja. "Maji," Lorna akatafsiri. Bwana akangoja. Hakukuwa na zaidi. Baadaye, tulipokuwa tukikusanya glasi, Lorna akanieleza kidogo. Lile duara ni shimo la maji kwenye mwamba. Wanawake wa mwanzo, mababu wa kike, walipita pale safarini wakichimba chakula na kucheza ngoma, wakaketi, na zile alama za kwato ndizo alama za makalio yao mchangani. Mahali pale ni pa kina mama. Shangazi yake alipapokea kwa wakubwa zake, ndiyo maana ana haki ya kupachora. Mahali pa mwingine haruhusiwi kupagusa hata kwa nukta moja. "Na yaliyobaki?" nikauliza. Lorna akacheka. "Yaliyobaki hayajaja Texas."

Mama wa Jangwani hakuwa akila. Mikate ya hotelini aliifunua, akaangalia ndani, akaifunika. Nilipomsikia Lorna akilalamika nikasema, bila kufikiri, "Njooni kwetu." Nikawachukua mchana wa siku ya pili yake kwa gari langu bovu hadi Stafford. Bi Somoe alikuwa amepika ugali, samaki wa kukaanga na mchicha wa nazi, ametandika mkeka chini sebuleni. Mgeni alipouona mkeka akaketi kabla hajakaribishwa, akala kwa mkono, akaifyonza mifupa. Mimi nilitafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, Lorna kutoka Kiingereza kwenda lugha yao, na kwa njia ndefu hiyo vichekesho vilifika vimechoka. Lakini baada ya kula Bi Somoe akatoa kopo lake, akafinya ugoro. Macho ya Mama wa Jangwani yakang'aa. Akatoa kwenye mfuko wa sketi kibonge cha tumbaku ya kutafuna, kimekandwa na majivu, akakimega katikati. Bi Somoe akakinusa.

"Mwambie chake kikali," akasema. "Mwambie hiki ningekuwa nacho ujanani nisingeolewa."

Safari ile hakuna aliyengoja tafsiri. Walicheka mpaka Salma akaja kuchungulia.

Kisha tukatoka nje kwa mlango wa nyuma, kwenye kivuli cha ukuta, kando ya vile viyoyozi vinavyonguruma. Mama wa Jangwani akausogelea udongo kwa makalio kama mtu anayesogelea jiko. Akapangusa mahali kwa kiganja pakawa safi, akaanza kuchora kwa kidole huku akiimba chini chini: duara, duara, mstari, wanawake wameketi. Bi Somoe alimtazama bila kupepesa. Halafu akaingia ndani, akarudi na bakuli la unga wa ngano, akaketi upande wa pili, akachota kwa vidole vitatu. Unga ukashuka kwenye udongo mweusi kwa mstari mwembamba usiokatika. Sikujua kwamba mkono ule, uliokuwa ukitetemeka ukishika kikombe, unaweza kufanya hivyo. Walichora kila mtu mchoro wake, magoti yakikaribia kugusana, wakitupiana jicho.

Wakati huo fundi wa ghorofa akatokea kwenye kona na ngazi begani, amekuja kutengeneza kiyoyozi cha jirani. Wala hakuwa ametutazama bado. Mikono miwili ikashuka pamoja, wa Bi Somoe na wa mgeni wake, kwa pigo moja, na pale palipokuwa na michoro pakabaki vumbi na weupe kidogo. "Habari za mchana, kina mama," fundi akasema kwa Kiingereza, akapita. Hakuna aliyekuwa amewatafsiria chochote. Wakatazamana, na Bi Somoe akampigapiga mgeni gotini. "Huyu," akaniambia, "amefundwa."

Mama wa Jangwani akaniuliza kitu. Lorna akasema, "Anauliza mama huyu ni nani kwako." Nikamjibu si ndugu, nimepanga chumba kwao. Hilo lilipofika kwake alikunja uso kana kwamba nimejibu swali jingine. Akauliza wazazi wangu wako wapi, shangazi zangu, nani mkubwa wangu hapa. Nikasema sina mtu hapa. Wakaongea wao kwa wao muda mrefu. "Anasema haiwezekani mtu akawa hana mtu," Lorna akanieleza. "Kwetu mgeni hupewa mahali katika ukoo, la sivyo hakuna anayejua amsemeshe vipi. Umekuwa mdogo wangu. Yeye ni shangazi yako." Nikacheka, nikashukuru. Yeye hakucheka. Alifungua kile kitambaa cha maua mekundu, nywele zake nyeupe zikatokea, akanisukuma mgongoni mpaka nikawa mbele ya Bi Somoe, akakiweka kitambaa mapajani pake.

Lorna anaapa kwamba hakuwa amemweleza shangazi yake neno kuhusu desturi ile, na mimi sikuwa nimemweleza Lorna. Nadhani nguo mapajani ni jambo la wazi kwa wenye kujua mambo haya. Au alitaka tu kuacha zawadi baada ya ugali. Bi Somoe alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, sura yake ikabadilika kama ya mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Akakikunja mara nne.

"Nimepokea," akasema. Kisha kwangu, kwa sauti nyingine kabisa: "Ijumaa usiende kazini."

Ijumaa ile nilikaa kikao cha kwanza. Siwezi kuandika kilichochorwa, na atakayekasirika kwa hilo na akasirike. Naweza kusema kwamba tuliketi udongoni na si mkekani, kwamba Bi Somoe alinifinya paja kila nilipokosea, kwamba Salma alifungiwa ndani na katuni zake na akagonga mlango mara mbili akitaka juisi. Nilipoweza kuchora sehemu yangu bila kufinywa, alinifanya niifute kwa viganja vyote viwili. "Kikao cha pili ni cha maji," akasema. "Tutakaa mvua ya kwanza ikinyesha. Mimi sitakuita. Kungwi akishapokea haiti tena, mwali huja mwenyewe. Mvua utaisikia." Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyowahi kulala nchi hii. Naona haya kidogo kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mvua haikunyesha. Ukaja mwezi wa Julai na nyufa zikapanuka, ukaja Agosti. Maonyesho yakafungwa, zile picha zikafungwa kwenye masanduku, na jumba likanipunguzia siku za kazi. Rafiki yangu Wanjiru, Mkenya tuliyefahamiana kwa kupishana njiani, msikiti na kanisa vikiwa jirani, mimi nikimpeleka Bi, yeye akimpeleka mama yake, alikuwa ameshahamia Dallas. Akapiga simu. "We Hamisa, unakaa hapo kufanya nini? Huku nyumba ya wazee wanataka watu jana. Room iko DeSoto, una-drive dakika kumi." Ningeweza kungoja. Najua hivyo sasa, na nadhani hata wakati ule nilijua. Lakini nilikuwa na ugonjwa ambao bado ninao: mtu akinitajia mji mwingine, mji niliomo unaanza kuonekana umekwisha. Bi Somoe alinifungia maandazi kwenye karatasi. "Nenda," akasema. "Mvua haina haraka." Mimi nikalichukua neno hilo kama ruhusa.

Ilinyesha Oktoba. Nilikuwa DeSoto, kwenye kabati la mashuka la nyumba ya wazee, nikihesabu foronya, simu ikalia mfukoni. Bi Somoe hakuwa mtu wa simu, kwa kawaida alimpa Zainabu azungumze. "Hamisa," akasema, "huku imenyesha."

"Hata huku, Bi! Tangu alfajiri. Barabara zimejaa, nusura nichelewe."

Nyuma yake niliisikia, mvua juu ya vile viyoyozi. "Alhamdulillahi," akasema. "Haya, mwanangu. Fanya kazi."

Alikuwa ameshakata nilipokumbuka. Nikasimama na foronya mkononi. Kungwi haiti, alikuwa amesogea hadi kwenye mpaka wa kile anachoruhusiwa, akanitajia mvua, na mimi nikamtajia foleni ya magari. Nilifikiri kuomba ruhusa, kuendesha saa zile nne, kufika kabla udongo haujakauka. Halafu kengele ya chumba fulani ikalia, mzee akataka kugeuzwa. Nikajiambia kwamba mvua zitakuja nyingine, na kweli zilikuja. Nikasema nitakwenda wakati wa Idd. Kabla ya Idd kufika Bi Somoe akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa na maneno yakaenda nao.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilipoanza kuendesha lori, nilimtembelea kila nilipopata mzigo wa kuelekea Houston. Aliniona akatabasamu kwa nusu ya uso, na mara kwa mara mkono wake wa kushoto ulitembea juu ya blanketi, ukizunguka, ukivuta mstari, ukisimama kunitazama. Nilimwinamia nikiufuata kwa macho. Mchoro wa kikao cha kwanza niliutambua hata kwa mkono mbaya. Baada ya hapo mkono uliendelea kwenda, na mimi sikujua unakokwenda. Nikiitikia kwa kichwa ili kumfurahisha, aliufunga mkono akageukia ukuta. Hakuwahi kudanganyika.

Zainabu hakuhama kamwe. Tulimsomea marehemu khitma siku ya tatu katika sebule ile ile, na watu walipoondoka Salma akaniita nyuma, nikaketi kizingitini. Siku hizi ni mwanamke mrefu mwenye kazi ya ofisini. Viyoyozi ni vipya, udongo ni ule ule. Mkononi alikuwa na kitambaa cha sufu, maua yamefifia yamekuwa ya waridi, bado kimekunjwa mara nne.

"Aunty, miezi ya mwisho kila nikikaa naye alikuwa ananipa hii," akasema. "Ananishikisha, halafu ana-point picha yako pale kwenye friji. Nikiiweka sandukuni, anakasirika. Mama anasema alikuwa amechanganyikiwa. Sijui. Nadhani alitaka uwe nayo." Akainama akakiweka mapajani pangu.

Hakujua alichokifanya. Niliketi na kitambaa kile mapajani, uzito wake si zaidi ya uzito wa kikombe, na nikamwona akilini Bi Somoe akimsukuma mjukuu wake mgongoni. Wa kumwambia kwamba sikustahili hakuwepo, naye angeniambia nini ambacho hakikuwa kimekwisha kusemwa na mkono ule juu ya blanketi?

"Nimepokea," nikasema, maana ndilo neno nililofundishwa. "Kalete unga."

"Unga gani?"

"Wowote."

Akaleta mfuko mzima. Nikampangusia mahali, nikamketisha udongoni na suruali yake nzuri, nikachota kwa vidole vitatu. Mkono ulikumbuka kuliko nilivyotarajia. Nilimfinya paja alipotaka kupiga picha kwa simu, akalia "Ow!", akaiweka mbali. Nikachora mpaka mwisho wa kikao cha kwanza. Mstari wa mwisho unatoka kwenye duara ukielekea upande wa kushoto, na unga ukaishia hapo.

Salma alikuwa ameegemea mbele, nywele zake zikikaribia kugusa mchoro. "Halafu?" akauliza. "Mstari unakwenda wapi?"

"Hapo ndipo nilipoondoka."

Alingoja, akidhani ni sehemu ya hadithi. Alipoona siongezi akasema taratibu, "Anza tena, Aunty. Labda mchoro uliobaki utakuja." Nikafuta kwa viganja vyote viwili, nikachota unga mwingine, nikaanza upya, na mkono wangu ukasimama pale pale.